Divai Iliyotiwa Mvinyo: Uliza Kwanza Kama Imezoea Hewa

Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, kama tulivyolipata neno pipa. Kwao vinho ni maji ya zabibu yaliyochachuka, lakini lilipotua pwani yetu neno hilo lilihamia kwenye kinywaji kikali cha kukeneka, na zabibu tukaziachia neno divai, lenye asili ya Kifaransa. Siku hizi watu huyachanganya, nami leo nayatenganisha makusudi, maana nataka kuzungumzia mtoto wa hao wawili: divai iliyotiwa mvinyo. Msomaji asiyeonja vileo aniwie radhi. Pengine naye ataombwa siku moja achague chupa ya kumpelekea mtu.

Na kuchagua ndiko kugumu. Katika duka kubwa la Nairobi au Mombasa chupa za Port, Sherry, Madeira na Marsala husimama bega kwa bega, nyingi nyeusi nyeusi, na bei zao zapishana ajabu. Mwenye pesa huchukua ya bei ya juu. Asiye nazo huchukua yenye maandishi ya dhahabu. Mimi nasema yaulizwe kwanza maswali mawili. Mvinyo ulitiwa lini? Na divai hiyo imezoea hewa au haijazoea?

Swali la kwanza ni la utamu. Zabibu zikishakamuliwa, hamira huila sukari yake na kuigeuza kileo. Katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, ambalo mipaka yake iliwekwa na serikali mwaka 1756, watengenezaji hawaingoji hamira ishibe. Sukari ikibaki kama nusu, humimina mvinyo wa zabibu wenye nguvu ya asilimia 77. Hamira hufa, utamu ukabaki. Hiyo ndiyo Port, yenye nguvu ya asilimia 19 hadi 22. Kule Jerez, kusini mwa Uhispania, huiacha hamira imalize sukari ndipo wakatia mvinyo. Kwa hiyo Sherry nyingi ni kavu, na zile tamu aghalabu zimechanganywa na divai ya zabibu zilizoanikwa juani.

Swali la pili ndilo linaloponza watu. Port iitwayo Ruby hukaa miaka michache tu katika matangi makubwa, hewa isipate nafasi, na hutoka nyekundu yenye ladha ya matunda mabichi. Tawny huwekwa katika mapipa ya mbao ya lita 550 hivi. Mbao hupumua, na mwaka baada ya mwaka wekundu hufifia ukawa rangi ya tende, na ladha huelekea kwenye njugu na matunda makavu. Ndiyo ile yenye tarakimu 10, 20, 30 au 40 kwenye karatasi yake. Vintage nayo ni ya zabibu za mwaka mmoja uliokuwa mwema. Hukaa kwenye mapipa miaka kama miwili, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa, na humo huzeeka miaka 20 au zaidi bila kuvuta pumzi. Ukiifungua, siku mbili tatu zamtosha kuharibika. Tawny iliyofunguliwa hukaa hata mwezi, kwa sababu hewa si mgeni wake.

Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu wa reli, aliletewa chupa mbili na mwanawe aliye London: Vintage moja na Tawny ya miaka 20. Wazee wa upande wa mchumba wa bintiye walikuwa wanakuja kuzungumzia mahari.

"Kijana wangu," akaniambia, "hii ya 20 ndiyo nitakayowafungulia. Wataiona namba, watajua nimewaheshimu."

"Mzee, wageni ni wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Basi wafungulie hiyo nyingine. Itaisha mezani siku hiyo hiyo. Ya 20 iweke kabatini, unywe kiglasi jioni ukipenda, nayo itakungoja."

Hakuridhika mara moja, kwani mahari si jambo la kufanyia majaribio. Hata hivyo aliisimamisha chupa siku mbili kabla, mashapo yakatua chini, nasi tukaimimina polepole kwenye jagi kupitia kitambaa cheupe safi, tukaacha kidogo cha mwisho chenye tope. Kila mgeni alipata kiglasi. Mama mmoja mkubwa aliuliza kama ni divai ya kanisani, akaambiwa hapana, akaongeza. Mazungumzo ya mahari yalichukua saa nne, lakini hilo si la chupa.

Sherry nayo ina mambo hayo hayo. Fino huishi chini ya utando wa hamira unaoizuia hewa; ni nyeupe kama majani makavu, hunywewa baridi, na ikifunguliwa imalizwe kabla ya wiki kupita. Oloroso hutiwa mvinyo zaidi, utando usiweze kuishi, hivyo huwa nyeusi na hustahimili majuma kadhaa. Marsala ya Sisilia naipita. Kwa wengi huishia sufuriani.

Kwa nyumba ya Mombasa isiyo na friji ningechagua Madeira bila kusitasita. Kisiwa hicho cha Wareno kilikuwa kituo cha merikebu zilizokwenda Bara Hindi, na mabaharia waligundua kwamba mapipa yaliyovuka ikweta na kupikwa na joto yalirudi na divai tamu kuliko ilivyoondoka. Siku hizi ya kawaida hupashwa moto kwenye matangi, nyuzi 45 hadi 50, kwa miezi isiyopungua mitatu. Iliyo bora huwekwa kwenye mapipa darini miaka mingi, ikipata joto la jua. Kitu kilichokwisha kupikwa hivyo, joto letu litakitisha vipi? Chupa iliyofunguliwa hukaa miezi. Sercial ndiyo kavu kuliko zote, hufuatiwa na Verdelho na Boal, na Malmsey ndiyo tamu kabisa. Hiyo ya mwisho mimi huinywa na kashata za njugu, kiglasi kimoja, basi.