Je, Wajua? Ugonjwa wa Kuambukiza Chini ya Paa Moja

Je, wajua mzee wa Masisi au Walikale hutunzwa wapi akiishiwa nguvu? Kwa mwanawe, kwa mkwewe, kwa mjukuu. Vita vikimtoa kijijini hulala darasani, kanisani au chini ya turubai, pamoja na vichanga, wajawazito na watu wenye kikohozi. Ulaya na Marekani zina nyumba maalumu za kutunzia wazee, na vitabu vizima vimeandikwa juu ya kuzuia mlipuko wa ugonjwa humo. Huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ziliko Masisi na Walikale, nyumba hizo ni makambi, wodi za hospitali na familia zilizopokea wakimbizi. Hatari ni ileile: watu dhaifu wengi mahali pamoja, na mikono michache ya kuwahudumia wote.

Je, wajua kwamba ugonjwa huweza kuingia na yule yule anayekuja kuhudumia? Mapema mwaka 2020 virusi vya korona viliingia katika nyumba moja ya wazee mjini Kirkland, jimbo la Washington, Marekani. Walioambukizwa kufikia katikati ya Machi walikuwa wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Karibu mkazi mmoja kati ya kila watatu walioambukizwa alifariki. Wachunguzi walikuta kuna watumishi waliokwenda kazini wakiwa na dalili, na wengine waliofanya kazi katika nyumba zaidi ya moja.

Je, wajua kwamba katika hospitali nyingi za Kongo kupika, kufua na kumwogesha mgonjwa ni kazi ya ndugu yake? Huyo ndugu hulala sakafuni kando ya kitanda, huchota maji, humwaga choo, kisha hurudi nyumbani kulisha watoto. Hana sare wala mafunzo. Naamini kwa dhati kwamba sabuni ya kwanza inayofika wakati wa mlipuko ingepaswa kupita mikononi mwake, na kwamba kila mgonjwa awe na mtunzaji mmoja tu, yule yule mpaka apone, badala ya dada leo, shangazi kesho na jirani keshokutwa.

Je, wajua kwamba kipindupindu kina kitanda chake? Kitanda hicho kina tundu katikati na ndoo chini yake, kwa sababu mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa na hana nguvu za kwenda chooni. Ndoo hiyo ni choo, na ni kipimo pia: muuguzi akijua yaliyotoka, anajua ya kurudisha. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekauka kabisa hutiwa lita 6 za dripu kwa muda wa saa 3. Bila matibabu, kipindupindu kikali huweza kuua hadi nusu ya wanaokipata. Wakitibiwa mapema, hufa pungufu ya mmoja kati ya 100. Sijui ugonjwa mwingine ambao umbali wa kutembea hadi kituo cha afya unaamua mambo kwa ukatili kama huu. Walikale, ambako safari nyingi ni za msituni kwa miguu au pikipiki, umbali huo unaweza kuwa wa siku nzima.

Ndiyo maana maji ya chumvi na sukari yaanze kunywewa nyumbani, kabla ya safari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe bapa, visirundikwe. Mzee anyweshwe kidogo kidogo hata akisema hana kiu, kwani umri hupunguza hisia ya kiu, na mwili wake unaweza kukauka bila yeye kuomba maji.

Je, wajua kwamba mwezi Julai 1994, makambi ya Goma yalipojaa wakimbizi kutoka Rwanda, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu? Ardhi ni mwamba wa volkano, kuchimba choo hakukuwezekana kwa haraka, na maji yalichotwa ziwani Kivu. Moja ya makambi hayo, Mugunga, lilikuwa kando ya barabara ya kwenda Sake, lango la Masisi.

Je, wajua kwamba kanuni za kimataifa za misaada, ziitwazo Sphere, zinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku na angalau mita 3.5 za mraba za kuishi chini ya paa? Darasa la mita 6 kwa 7 linatosha watu 12. Na mgonjwa mmoja wa kipindupindu akiwa kituoni huhitaji lita 60 kwa siku.

Je, wajua kwamba klorini ya kunawia mikono si ile ya kumwagia matapishi? Ya mikono ni asilimia 0.05. Ya matapishi, kinyesi na mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu ni asilimia 2, kali mara 40. Ndoo ziandikwe, na kwa asiyesoma zitofautishwe kwa rangi.

Je, wajua kwamba virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani?

Je, wajua kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa chanzo cha mlipuko? Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo, wauguzi walikuwa na sindano 5 tu kwa siku, zikisuuzwa kwa maji kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ebola ilipita humo. Hospitali ilifungwa baada ya watumishi 11 kati ya 17 kufa. Miaka 42 baadaye, mjini Beni, watoto wengi walipata Ebola katika zahanati ndogo walikopelekwa kutibiwa malaria. Mlipuko huo wa 2018 hadi 2020 uliua watu 2,287. Agosti 2019 uligusa hata Pinga, ndani ya Walikale.

Je, wajua kwamba Januari 2025, mapigano yalipofika Masisi mjini, maelfu ya raia walikimbilia hospitali kuu, ambayo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limeisaidia tangu 2007? Nani angewafukuza? Lakini uwanja wa hospitali ukigeuka makazi, vyoo vya wagonjwa vinakuwa vyoo vya mji mzima. Wodi ya wenye maambukizi ipate mlango wake, choo chake na ndoo zake siku ile ile umati unapoingia.

Mwezi huo huo vita vilipofika Goma, zaidi ya wagonjwa 100 wa mpox (ndui ya nyani) waliondoka katika kituo cha Mugunga kabla ya kupona. Februari makambi ya wakimbizi ya Bulengo na Lushagala, kando ya Goma, yalivunjwa, na watu wengi wakarudi vijijini, Masisi ikiwemo. Dalili za mpox zinaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza, na shuka au blanketi la mgonjwa huambukiza. Faili lililobaki Goma halimsaidii aliyekwisha fika kijijini kwake. Wanaoweza kumfikia ni wahamasishaji wa afya wa kijiji, wale wanaoitwa reko, wanaopita nyumba kwa nyumba, na wengi wao hawana mshahara. Hili linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Je, wajua kwamba dirisha lililo wazi ni kinga? Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa 2007, ulionyesha kuwa vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, zaidi ya vyumba vyenye mashine za kubadilisha hewa, vilivyofikia mara 12. Kwenye baridi ya milima ya Masisi watu hufunga kila tundu usiku. Mwenye kikohozi alazwe karibu na dirisha, blanketi la ziada apewe mzee.

Je, wajua kwamba homa si dalili ya kutegemewa kwa mzee? Mwili wake unaweza kushambuliwa bila kupata joto. Dalili ya kwanza inaweza kuwa kukataa chakula, kuanguka, kusinzia mchana kutwa au kuchanganyikiwa na kuwaita watu majina yasiyo yao. Mwenye kuyaona hayo mapema ni mjukuu anayelala naye. Reko akibisha hodi, amuulize huyo kwanza.