Maneno ya Ubakaji katika Kiswahili na Mahali Yanapoweka Aibu

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja tendo la mwanamume kumwingilia mwanamke bila ya ridhaa yake, na kila neno hulitazama tendo hilo kwa upande wake. Mojawapo ni kunajisi. Asili yake ni Kiarabu, na kwa wanavyuoni wa fiqhi najisi ni uchafu, kama vile mkojo au damu, ambao yampasa mtu kujitoharisha kwao kabla ya kusali. Basi asemaye kwamba mwanamke “amenajisiwa” asema, pasipo kukusudia, kuwa uchafu umemkalia mwanamke, na mtenda amekwenda zake hali yu safi. Kuharibiwa na kuchafuliwa ni ndugu wa neno hilo. Yote yamfanya mwanamke kuwa mfano wa chombo kilichotiwa ila, na mwenye kudai fidia ni mwenye chombo, yaani baba au mume.

Mtazamo huu ndio ulioshambuliwa na watetezi wa haki za wanawake tangu miaka ya 1970. Susan Brownmiller wa Marekani, katika kitabu chake Against Our Will cha mwaka 1975, alishikilia kwamba ubakaji si ashiki iliyomshinda mtu, bali ni njia ya kutawala. Angela Davis, mwaka 1981, alimkosoa kwa kutopima vema jinsi tuhuma hiyo ilivyotumiwa kuwaangamiza wanaume weusi. Na ukosoaji huo ni wa haki. Lakini wote wawili waliiweka hoja penye mamlaka, si penye uchafu. Waliposema juu ya utamaduni wa ubakaji, wanaharakati wa wakati huo hawakudai kuwa jamii hulisifu tendo hilo. Walitaja mizaha, shaka anayotiliwa mlalamikaji, na suluhu za faragha za kuficha aibu, ambazo pamoja humrahisishia mtenda kazi yake.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba haikuwahusu masuria. Hao walingoja hadi 1909. Ridhaa ya suria haikuwa jambo la kuulizwa, wala tendo la bwana wake halikuwa na jina la kosa.

Neno kubaka lina asili nyingine. Maana yake ni kushika au kutwaa kwa nguvu, na lazaa mara moja jina la mtenda: mbakaji. Lilizidi kuenea katika kampeni za wanawake, miongoni mwao Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilichoundwa mwaka 1987. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania ilipotungwa mwaka 1998, adhabu ya mbakaji iliwekwa isipungue miaka 30. Hata hivyo kosa lenyewe lilibaki katika sura ya Kanuni ya Adhabu ihusuyo maadili, pale lilipowekwa wakati wa ukoloni, kana kwamba aliyedhuriwa ni adabu na wala si mtu. Nchini Kenya, baada ya sheria ya mwaka 2006, magazeti huandika ubakaji kwa mtu mzima na unajisi kwa mtoto. Ni ajabu kwamba neno la uchafu limewekewa mtoto.

Sarufi nayo ina sehemu yake. “Msichana abakwa” ni kichwa cha habari kilichokamilika. Kauli ya kutendwa haimdai mtenda, na msomaji hubaki akimtazama msichana, alivaa nini, alikuwa wapi. Mabaya zaidi ni kiambishi -ana. Kujamiiana na kuingiliana ni matendo ya wawili waliopatana, nayo huandikwa hata pale ambapo mmoja alikuwa akipiga kelele. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991 wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana. 19 walikufa, na 71 waliripotiwa kubakwa. Magazeti yalimnukuu naibu wa mkuu wa shule akisema kwamba wavulana hawakukusudia ubaya, walitaka kubaka tu. Neno kali lilitumika, ila “tu” ililiondolea ukali wote.

Sheria ya 1998 haikumhesabu kuwa mbakaji mume anayeishi na mkewe, na ile ya Kenya ya 2006 iliwatoa wanandoa vilevile. Kiswahili hakina neno maalumu la tendo hilo. Mke asimuliaye aghalabu husema “alinilazimisha”, akakomea hapo, bila ya kutaja alilolazimishwa.