Volti za mita ipi?

Fundi aliyekuja kuangalia friji langu alichomeka nyaya za mita yake kwenye soketi, akasoma 249. Akatikisa kichwa. "Umeme umezidi, bosi. Hapa bila stabilaiza friji halitapona." Na stabilaiza, kwa bahati, rafiki yake anauza.

Kabatini nilikuwa na mita yangu ya zamani. Nikaileta, nikaichomeka soketi ileile. Ikasema 226. Tukatazamana.

Mizani ya muuza sukari ina alama ya Wakala wa Vipimo, na mteja mwenye macho huitafuta kabla ya kutoa hela. Pampu ya mafuta vilevile. Lakini mita ya fundi umeme, inayoamua nyaya za nyumba nzima ziachwe au zing'olewe, hakuna anayeiuliza chochote. Inatoa namba yenye nukta na desimali, basi sote tunanyamaza.

Kazi ya kuihoji mita ina jina: ugezi. Tanzania ina maabara ya ugezi pale Shirika la Viwango, TBS. Kenya wanayo KEBS. Mafundi wenyewe husema kalibresheni, na wengi wao hudhani maana yake ni kuitengeneza mita. Sivyo. Ugezi ni kulinganisha tu: mita inapewa volti inayojulikana, kisha inaandikwa imesoma ngapi. Kuirekebisha ni kazi nyingine, na ikirekebishwa hupimwa tena, cheti kionyeshe namba za kabla na za baada. Mimi huanza na zile za kabla. Ndizo zinazokwambia kazi za mwaka mzima uliopita zilipimwa kwa uongo wa kiasi gani.

Chumba chenyewe hakina mbwembwe. Kiyoyozi kinashikilia joto kwenye nyuzi 23 hivi, maana joto likibadilika, ukinzani wa vipuri vya ndani nao hubadilika. Mita iliyotoka juani haiguswi; inaachwa itulie kwanza. Mezani kuna kaliberata, mashine inayozalisha umeme wa kiasi kile hasa unachokiagiza. Mpimaji anaagiza volti 10, halafu 100, halafu 230 za hezi 50 kama za nyumbani. Mita inajibu 230.9. Anaandika 230.9. Hakuna anayesema nzima wala mbovu. Kama mtengenezaji aliahidi kosa lisizidi asilimia 1, hiyo iko ndani kwa mbali. Na maabara hujiandikia shaka yake yenyewe kwenye cheti: jumlisha au toa kiasi fulani, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Muuza mita wa mtaani sijawahi kumsikia na shaka yoyote.

Sasa kaliberata nayo nani anaipima? Maabara ya juu yake, na hiyo nayo ya juu yake. Zamani ngazi hiyo iliishia kwenye chupa. Edward Weston alibuni mwaka 1893 betri ya kadimiamu na zebaki ndani ya kioo chenye umbo la herufi H, yenye volti 1.0183, na kuanzia 1911 dunia ikaifanya kigezo chake. Ilikuwa na deko: ukiitikisa au ukiibadilishia joto, inakununia. Mwaka 1962 mwanafunzi wa Cambridge mwenye miaka 22, Brian Josephson, alikokotoa kwamba metali mbili zilizopoozwa mno, zikitenganishwa na utando mwembamba na kupigwa mawimbi ya redio, hutoa volti inayotegemea idadi ya mitetemo ya mawimbi hayo kwa sekunde na namba mbili za maumbile zisizobadilika popote. Tangu 1990 volti ya dunia inatunzwa kwa njia hiyo, na chupa zikastaafu.

Huku kwetu chini, bahati mbaya, wengi wanachokitafuta ni stika. Zabuni inataka stika, basi inatafutwa stika yenye tarehe, kama ya mkate. Wachache wanajua kwamba kiwango cha kimataifa cha maabara hizi, ISO/IEC 17025, kinakataza cheti kupendekeza lini urudi, isipokuwa mteja mwenyewe ameafiki. Uamuzi ni wa mwenye mita, kwa sababu yeye ndiye anayejua iliangushwa toka kwenye ngazi mara ngapi.

Kosa linalonitisha zaidi liko kwenye mega, kile kifaa cha kupima kama plastiki ya nyaya bado inazuia umeme kuvuja. Kwa nyaya za nyumba za volti 230, mega husukuma volti 500 za umeme wa moja kwa moja na kusubiri jibu lisilopungua megaomu 1. Nyaya zikiwa na 0.6 na mega ikasoma 1.1, fundi mwaminifu kabisa atasaini fomu, na familia italala.

Turudi kwenye friji. Niliigeuza mita ya fundi, nikafungua mfuniko wa nyuma. Betri ilikuwa na ukungu wa kijani mdomoni. Mita nyingi za bei poa, betri ikichoka, husoma juu badala ya chini, kwa kuwa kigezo chao cha ndani kinaporomoka pamoja nayo. Mtoto akatumwa dukani. Kwa betri mpya ile 249 ikawa 229. Fundi akacheka, stabilaiza haikutajwa tena, na kilichokutwa kibovu ni thermostati.

Yangu iliendelea kusema 226. Zile volti tatu, mpaka leo hatujui ni za nani.