Kombora gani lile? Ubishi wa vijana wa Bluff
Na Mwandishi Wetu, Durban

Tulifika Bluff, kilima kilicho kando ya bandari ya Durban, tukakuta vijana wawili wakirekebisha mchezo wa kompyuta wa ndege za kivita. Wanataka Mirage F1 ya Afrika Kusini ibebe makombora yake halisi.

Kazi si rahisi. Magic ya Ufaransa na Kukri ya Afrika Kusini hufanana, hasa mabawa madogo ya mbele. Lakini Kukri ilielekezwa kwa kofia ya rubani: anakogeuza kichwa, nayo hulenga huko. Ukikosea, unampa rubani uwezo asiokuwa nao.

Ubishi mkubwa ulihusu Septemba 27, 1987, MiG-23 ilipoipiga Mirage F1CZ kusini mwa Angola. Rubani aliirudisha hadi Rundu, lakini ajali ya kutua ikamwacha amepooza. Wapo wanaosema lilikuwa R-60, lenye kilipuzi cha kilo 3 hivi. Wengine R-24, kubwa zaidi kwa mbali.

Ushauri wetu: kabla ya kuandika jina la kombora, tafuteni tarehe ya picha, aina ya ndege na kikosi chake. Mchezo ni mchezo, lakini mtu yule aliumia kweli.