Useremala wa Mkono Katika Chumba Kidogo

Seli nyingi za mti husimama wima, ndefu na nyembamba, zikipandisha maji kutoka mizizini na kubeba uzito wa matawi. Kuta zake zimejengwa kwa selulosi na kushikamanishwa na lignini. Mti ukishaangushwa na gogo kupasuliwa, seli hizo hubaki zimelala kwa urefu wa ubao, mithili ya mabua yaliyogandishwa pamoja. Kuyabandua ni rahisi, kuyakata ni kazi. Ubao unaovutwa kwa urefu wa nyuzi zake hustahimili nguvu iliyo zaidi ya mara 20 ya ile inayotosha kuuachanisha kwa upana. Mashine yenye mota huweza kuipuuza tofauti hiyo, lakini mkono hauwezi. Ndiyo maana anayejifunza useremala kwa vifaa vya mkono huanza kuielewa mbao siku ya kwanza, na ndiyo maana njia hii inastahili kuthaminiwa kuwa elimu kamili, wala si mbadala wa asiyeweza kununua mashine.

Jambo la pili ni unyevu. Ubao mbichi una maji katika matundu ya seli na mengine ndani ya kuta zake. Maji ya matunduni yakitoka, umbo la ubao halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kuta zenyewe huanza kupoteza maji, na hapo ubao husinyaa. Kwa urefu husinyaa kidogo mno, kama asilimia 0.1 hadi 0.2 kutoka ubichi hadi ukavu kamili. Kwa upana mambo ni tofauti: kufuata mviringo wa pete za ukuaji, mbao nyingi husinyaa karibu mara mbili ya zinavyosinyaa kutoka kiini kuelekea gome. Kwa msaji, yaani mtiki, viwango hivyo ni karibu asilimia 5.8 na 2.5. Kwa sababu hiyo ubao uliopasuliwa kandokando ya gogo hujikunja, na ule uliopita katikati ya kiini hutulia.

Hesabu yake ni fupi. Ubao wenye upana wa milimita 300, wa aina inayosinyaa asilimia 6 kutoka unyevu wa 30 hadi sifuri, hupoteza asilimia 0.2 ya upana kwa kila pointi moja ya unyevu. Ukitoka pwani ukiwa na unyevu wa asilimia 15, ukahamia bara kwenye hewa kavu na kushuka hadi 10, utapungua milimita 3. Milimita 3 zinatosha kupasua uso wa meza uliopigiliwa misumari pande zote. Mninga hupendwa na mafundi kwa sababu hii pia, si kwa rangi yake tu: husinyaa kidogo sana. Paini ya mashambani, kama ya Sao Hill kule Mufindi, ni rahisi kupatikana na laini kwa mkono wa mwanafunzi, ila mara nyingi huuzwa kabla haijakauka sawasawa. Ipangwe chumbani kwa wiki kadhaa, vijiti vikitenganisha ubao na ubao ili hewa ipite, kabla ya msumeno kuigusa.

Chumba chenyewe kinaweza kuwa kona ya sebule, kibaraza au nusu ya stoo. Mashine haifai mahali hapo, hata kama inatosha. Msumeno wa umeme wa duara hutoa kelele zinazokaribia desibeli 100, ilhali masikio huanza kuwa hatarini kwa anayekaa muda mrefu kwenye desibeli 85. Vumbi ni baya zaidi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule, hata bila kufikia huko, huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi. Randa hutoa maranda yanayoanguka sakafuni na kufagiliwa; msumeno wa mkono hutoa unga, lakini kidogo, na ulio mzito kiasi cha kutuama haraka. Msasa ndio wa kuhofiwa, na ubao uliopigwa randa vizuri hauuhitaji sana.

Vifaa vya kuanzia si vingi: misumeno miwili, randa moja ya wastani, patasi tatu, nyundo ya mti, keekee, skwea, kisu cha kuchorea na jiwe la kunolea. Misumeno ni miwili kwa sababu ya nyuzi zilezile. Kupasua ni kwenda na urefu wa nyuzi, kukata ni kuzivuka. Meno ya msumeno wa kupasulia hunolewa kwa tupa iliyonyooka, kila jino likawa patasi ndogo inayobandua nyuzi kutoka mwisho wake. Meno ya msumeno wa kukatia hunolewa kwa tupa iliyoinamishwa, kila jino likawa kisu, na visu hivyo hukata nyuzi pande mbili za njia kabla hazijang'olewa. Meno ya misumeno yote miwili hupindishwa kidogo, moja kushoto na lingine kulia, ili njia iwe pana kuliko bapa la msumeno. Bila hivyo chuma hukwama. Misumeno ya Kijapani hukata inapovutwa. Chuma kinachovutwa hakipindi kama kinachosukumwa, hivyo bapa lake huweza kuwa jembamba na njia yake nyembamba vilevile. Kwa anayefanya kazi ameketi sakafuni, kuvuta kuna faida nyingine: mwili hautafuti nafasi ya kujisukumia.

Randa ndiyo shule. Katika randa ya kawaida kisu hulala kwa nyuzi 45 za pembe juu ya ubao, na kabla ya makali kufika mahali, mpasuko mdogo hutangulia mbele yake ukifuata nyuzi za mbao. Kama nyuzi zinapanda kuelekea mbele, mpasuko hupanda nazo, randa, yaani ukanda wa mbao unaobanduliwa, linatoka refu na uso unabaki unang'aa. Kama zinashuka, mpasuko huzama chini ya mstari wa kisu, nyuzi hunyofoka na uso huwa na mashimo. Dawa ya kwanza ni kugeuza ubao. Lakini mvule una nyuzi zinazopishana, tabaka moja likiinamia huku na jingine kule, na kuugeuza hakusaidii. Hapo hutumika bamba lililofungwa juu ya kisu. Yasunori Kawai na Chutaro Kato wa Chuo Kikuu cha Yamagata, Japani, walipiga picha za karibu za randa likitoka chini ya kisu, na zikaonyesha kwamba ukingo wa bamba ukisogezwa hadi sehemu chache za kumi za milimita kutoka kwenye makali, randa hulazimika kujikunja ghafla. Mkunjo huo hulisukuma chini, nao mpasuko hauwahi kukimbia mbele. Fundi anayejua kuweka bamba hilo hana haja ya kuogopa mbao yenye nyuzi za mkanganyiko.

Mvule una tatizo lingine lisiloonekana kwa nje: baadhi ya miti huweka chokaa, kalsiamu kaboneti, ndani ya mbao, na vipande hivyo vigumu hutia mapengo kwenye makali mara moja. Anayejifunza aanze na paini au mninga.

Makali ni mahali nyuso mbili laini zinapokutana, na kila mkwaruzo kwenye uso mmojawapo hufika ukingoni ukawa jino bovu. Kwa hiyo mgongo wa kisu hulainishwa kwanza, mara moja tu, kisha upande wa mteremko hutengenezwa kwa pembe ya 25 na ukingo wake kunolewa kwa 30. Kunoa kumefika mwisho pale ukingo mwembamba wa chuma unapojikunja upande wa pili na kuguswa kwa ncha ya kidole katika urefu wote wa makali. Ukikosekana mahali, pale hapajanolewa. Msasa wa maji namba 400 hadi 1000, uliobandikwa juu ya kioo kinene, hufanya kazi ya jiwe la bei kubwa.

Kinachokosekana katika chumba kidogo ni mahali pa kushikia ubao. Benchi zito si lazima. Wachonga milango wa Unguja na Lamu wamezoea kuulaza ubao sakafuni na kuushikilia kwa uzito wa mwili. Kigoda imara chenye kimo cha goti hufanya kazi nyingi: ubao hukanyagwa kwa goti wakati wa kupasua, na kipande chembamba kilichopigiliwa mwishoni mwake huuzuia usikimbie mbele ya randa. Kwa kukata vipande vidogo hutengenezwa kibao chenye ukingo mmoja juu na mwingine chini upande wa pili. Ukingo wa chini hunasa pembe ya meza, wa juu huzuia kazi. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha kutengeneza, maana kinafundisha kupima, kukata wima na kuunga, kisha kinabaki kuwa kifaa.

Kupima kufanywe kwa kisu. Mstari wa penseli una unene wa nusu milimita na hukaa juu ya nyuzi. Mstari wa kisu hauna unene wa kuhesabika, na tayari umekata nyuzi za juu, hivyo patasi hupata ukuta wa kuegemea. Maungio nayo hufuata nyuzi. Gundi hushika vizuri uso wa urefu kwa uso wa urefu, lakini kwenye ncha ya ubao mirija iliyo wazi huinywa gundi na kiungo huachia. Ulimi na tundu hutatua hilo: ulimi wenye theluthi moja ya unene wa ubao huingia tunduni na kuipa gundi nyuso za kutosha. Kigoda cha miguu minne, baada ya kibao cha kushikia, ni zoezi linalotosha kuumudu ulimi.

Kazi inayokusanya mafunzo yote haya katika ubao mmoja ni marufaa, kile kiegemeo cha msahafu kinachokunjuka kama herufi X na kinachoonekana katika misikiti na vyuo vya pwani. Hakina msumari, gundi wala bawaba ya chuma. Hutoka katika ubao mmoja, tuseme wenye urefu wa sentimita 60, upana wa 20 na unene wa milimita 22, ulio mkavu na wenye nyuzi zilizonyooka. Katikati huchorwa ukanda unaovuka upana, ukagawanywa sehemu tano za sentimita 4. Hizo ndizo vifundo vya bawaba. Michoro hurudiwa upande wa pili kwa usahihi, kwa kuwa patasi itaingia kutoka pande zote mbili na kukutana katikati ya unene. Kifundo cha kwanza, cha tatu na cha tano hubaki vikishikamana na nusu moja, cha pili na cha nne na nusu nyingine, na kila kimoja huviringishwa taratibu ili kipate kuzunguka. Mipaka kati ya vifundo hukatwa kwa msumeno mwembamba.

Kisha ubao hupasuliwa katika unene wake kutoka kila ncha hadi kwenye vifundo, na hapo msumeno wa kupasulia unaonyesha thamani yake: njia ya milimita 1.5 huacha majani mawili yenye unene wa milimita 10 hivi. Unyevu uliobaki ndani zaidi ya nje utajitokeza papo hapo, jani likipinda kuelekea upande uliopasuliwa kadiri linavyokauka. Ni vigumu kulinyoosha baadaye. Bawaba hii nyembamba haivunjiki kirahisi kwa sababu nyuzi za kila kifundo zinaendelea bila kukatika hadi ndani ya jani lake. Inapokataa kufunguka, kuna nyuzi chache zilizosalia mahali fulani kati ya vifundo, na hutafutwa kwa ncha ya kisu, wala si kwa kulazimisha.

Mafuta ya kitani hutosha kuilinda mbao, yakipakwa kidogo kidogo na kufutwa yaliyozidi. Hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo hutoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kuachwa rundo hujipasha hadi kuwaka yenyewe, jambo la hatari kubwa katika chumba chenye maranda. Yatandazwe nje moja moja mpaka yawe makavu na magumu, au yalowekwe kwenye ndoo ya maji kabla ya kutupwa.