Bunduki za Mitutu Miwili katika Vumbi la Isiolo
Enzi ambayo Isiolo ilikuwa kituo cha kazi cha George Adamson, afisa wa wanyamapori, bunduki ya mitutu miwili, ile irushayo marisau, yaani chembe nyingi ndogo badala ya risasi moja, ilitumika kuwindia kanga na kwale. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na anayerithi bunduki hiyo leo haruhusiwi kuiweka bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Uzuri wake unaweza kudanganya. Mitutu ya damaski, iliyofuliwa kwa tepe za chuma na feleji zilizosokotwa pamoja, ina mawimbi ya kupendeza mno, lakini mingi iliundwa kwa baruti nyeusi, na shinikizo la baruti ya kisasa laweza kuipasua mkononi mwa mpigaji. Vilevile chemba ya inchi 2.5 hupokea ganda la marisau la inchi 2.75 bila kukwama, ingawa mdomo wa ganda hilo hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo likapanda. Fundi mwenye leseni hana budi kuipima bunduki kwanza. Mafuta nayo yapakwe utando mwembamba tu, kwa maana yakizidi hunasa vumbi kwenye bawaba, nalo hukisaga chuma taratibu.