Verni ya ndege ya mtoto na mbabula ya mama



Kazini hakuna anayewasha sigara karibu na pipa la esansi. Kapita angepiga kelele kabla kiberiti hakijatoka mfukoni. Lakini Siku ya Mungu, nyumbani hakuna kapita. Umekaa barazani na mtoto wako, mnamalizia ndege ndogo ya mti wa balsa iliyofunikwa kwa karatasi nyembamba. Hatua tatu kutoka hapo, mama anapika bukari juu ya mbabula. Na kichupa cha verni kiko wazi.

Verni hiyo si ile ya kupaka viti. Mara nyingi ni nitroselulozi, ndugu ya baruti isiyo na moshi, iliyoyeyushwa katika maji makali kama asetoni. Mvuke wa asetoni unashika moto hata penye baridi ya digri 15 chini ya sufuri. Sembuse hewa ya Likasi au Kolwezi! Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unatambaa chini ya meza mpaka ukute makala, na moto unarudi kwa njia ileile hadi kwenye kichupa, mbele ya mtoto.

Kazi yenyewe ni nzuri na haitaki moto hata kidogo. Karatasi ikiisha kugandishwa juu ya mbavu za bawa, inyunyizie maji kidogo, uiache ikauke. Itajikaza yenyewe. Kisha lifunge bawa kwa pini juu ya ubao ulionyooka, likiinuliwa kidogo na vipande vya mti ili lisigande. Usiruke hatua hii: verni ikikauka inavuta karatasi, karatasi inavuta mti, na bawa lililoachwa huru litapinda kama jani kavu. Changanya verni nusu kwa nusu na maji yake ya kupunguzia. Matone machache ya mafuta ya mbarika yanazuia isikaze kupita kiasi. Tabaka mbili nyembamba zinatosha. Kuhusu rangi, mimi ningenunua karatasi yenye rangi tangu mwanzo. Ndege ya lastiki haipendi uzito, na rangi nyingi mkiani itakudai uzito mwingine puani.

Hatari kubwa inakuja wakati wa mvua. Hewa ina maji, verni inapokauka inapoza karatasi, basi unyevu unatua juu yake na bawa linageuka jeupe kama lililopakwa unga. Mtoto analia. Baba anasema: tulisogeze karibu na mbabula likauke vizuri. Usifanye hivyo! Weupe ule si kuharibika. Ngoja siku yenye hewa kavu, upitishe juu yake maji ya kupunguzia kwa burashi laini, na utaondoka.

Harufu nayo inaumiza. Kichwa kikianza kuuma au kuzunguka, mvuke umekwisha kuingia mwilini. Tangu 1914, huko Uingereza na Ujerumani, wafanyakazi waliopaka mabawa ya ndege za vita walishikwa na ugonjwa wa ini, macho yakawa ya manjano, na wengine wakafa. Verni yao ilikuwa na tetrakloroetani, ambayo Uingereza iliiacha kabla vita haijaisha. Ya leo si ile, lakini mapafu na ini ni vilevile. Kwa hiyo fanya kazi hii nje uani, upepo ukipita, si katika chumba ambamo jirani yako wa posti ya usiku amelala mchana.

Wengine watasema: ninayo maski ya kazini. Maski ya vumbi inazuia vumbi, haizuii mvuke. Ivae unapopiga balsa msasa, maana vumbi lake ni jepesi na linaingia kifuani.

Vitambaa ulivyopangusia verni visitupwe pembeni. Viloweshe maji, uvitie katika kopo lenye kifuniko, nje ya nyumba. Verni iliyobaki isiingie katika chupa ya limonadi: mtoto mdogo hajui kusoma, anajua chupa. Akinywa, usimtapishe, mpeleke dispansere mara moja pamoja na chupa yenyewe. Ikiruka machoni, osha kwa maji safi dakika 15, kisha nenda kwa muganga. Weka ndoo ya mchanga karibu. Kopo likishika moto, lifunike, usilibebe mbio, kwa sababu verni itamwagika juu ya miguu yako.

Ukimaliza, acha bawa juu ya ubao siku kadhaa, maana verni inaendelea kuvuta hata ikionekana kavu. Lilale barazani, mbali na mbabula. Litaingia chumba cha watoto siku utakapolinusa bila kusikia kitu.